Nusu shibiri kwa miaka sita: hesabu za kasi ya Sarah Sjöström

Weka kiganja chako mezani, tanua vidole. Kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo ni shibiri moja, kwa mtu mzima kama sentimita 23 hivi. Sasa ikate katikati.

Hiyo nusu shibiri ina hadithi. Julai 2017 huko Budapest, mwogeleaji wa Uswidi Sarah Sjöström aliweka rekodi ya dunia ya mita 50 mtindo huru: sekunde 23.67. Julai 2023 huko Fukuoka, Japani, akaivunja rekodi yake mwenyewe kwa 23.61. Tofauti ni sekunde 0.06. Mtu anayekwenda kwa mita 2.1 kila sekunde, katika muda huo husogea sentimita 12 au 13 tu. Yaani Sarah wa 2023 angeogelea njia moja pembeni ya Sarah wa 2017, angemshinda kwa nusu shibiri.

Miaka sita ya kuamka alfajiri kwa nusu shibiri! Mtu anaweza kusema hiyo si kitu. Mimi nilipoanza kuzipigia hesabu nyakati zake niliona kinyume chake, na leo nataka tuzipige pamoja.

Maji hayakuachii hivihivi

Kama umewahi kuingia majini hadi kiunoni ukajaribu kukimbia, unajua ninachosema. Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Kila unaposonga mbele, yanakurudisha nyuma kwa kani tunayoiita ukinzani. Ubaya ni kwamba ukinzani hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani unapanda mara nne. Na nguvu unayotakiwa kuitoa, maana yake nishati kwa kila sekunde, inapanda mara nane.

Tuweke namba. Mwogeleaji wa wastani wa mita 2.0 kwa sekunde anamaliza mita 50 kwa sekunde 25. Akitaka kufika mita 2.1 kwa sekunde, ambao ni muda wa kama 23.8, ameongeza kasi kwa asilimia 5 tu. Lakini nguvu dhidi ya maji inabidi ipande kwa karibu asilimia 16. Hii ni hesabu iliyorahisishwa, haihesabu ule mruko wa mwanzo wala mawimbi ambayo mwili huyatengeneza juu ya maji, ila picha inatosha: unavyokaribia kileleni, kila sentimita inayofuata ni ghali kuliko iliyopita.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ama utoe nguvu zaidi, ama uyape maji sababu chache za kukuzuia. Maisha ya Sjöström bwawani yamezijaribu zote mbili, na sehemu ya kwanza ya jaribio hata hakuipanga yeye.

Binti wa miaka 15 na vazi lililopigwa marufuku

Alizaliwa Agosti 1993. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari bingwa wa Ulaya wa mita 100 kipepeo, 2008. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Roma, akiwa na miaka 15, aliivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo katika nusu fainali, kisha akaivunja tena kwenye fainali: 56.06.

Tatizo ni kwamba Roma 2009 rekodi zilianguka kama maembe yaliyoiva. Zilivunjwa 43 katika mashindano yale peke yake. Sababu kubwa ilikuwa mavazi ya poliyurethani, aina ya plastiki, yaliyofunika mwili karibu wote. Yaliubana mwili ukawa laini, yalizuia maji kupenya, na yalimsaidia mwogeleaji kuelea juu zaidi. Sehemu kubwa ya mwili ikiwa juu ya maji, ukinzani unapungua bila misuli kufanya kazi ya ziada. Kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku. Wanawake wakarudi kwenye vazi la kitambaa linaloishia magotini.

Sasa fikiria uko na miaka 16, una rekodi ya dunia, na watu wananong'ona: ni yeye au ni vazi?

London 2012 ilionekana kama jibu, na lilikuwa jibu chungu. Kwenye fainali ya mita 100 kipepeo, Mmarekani Dana Vollmer alishinda kwa 55.98 na kumpokonya rekodi akiwa palepale bwawani. Sjöström alimaliza wa nne, 57.17. Bila vazi la Roma alikuwa nyuma ya muda wake wa utotoni kwa zaidi ya sekunde nzima, na hakupata medali yoyote.

Ukiangalia kisayansi, hili ni jaribio zuri kabisa: mtu yuleyule, mbio zilezile, kitu kimoja kimeondolewa. Lakini halikuwa limekwisha. Huko Kazan, 2015, alirudisha rekodi yake kwa 55.64, na Olimpiki ya Rio 2016 akashinda dhahabu kwa 55.48. Akawa mwanamke wa kwanza wa Uswidi kupata dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea. Ile faida ambayo vazi lilimpa bure akiwa na miaka 15, ilibidi aijenge mwenyewe kwa miaka sita kwa misuli na mbinu, kisha akaipita.

Mafuta ya sekunde 24

Huko Rio hakushinda kipepeo peke yake. Alipata fedha ya mita 200 mtindo huru nyuma ya Katie Ledecky, na shaba ya mita 100. Hapa ndipo biolojia inapoingia.

Misuli ina akiba ndogo ya nishati ya haraka iitwayo kreatini fosfeti. Ni kama chenji mfukoni: unaitoa papo hapo, lakini inakwisha ndani ya sekunde kama kumi. Baada ya hapo mwili unavunja sukari bila kusubiri oksijeni, kazi inayofanyika haraka lakini inaacha tindikali na ile hali ya misuli kuwaka moto. Mita 50 huishi karibu kabisa kwenye akiba hizi mbili. Kwenye mita 200, zinazochukua kama dakika mbili, oksijeni inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Mazoezi ya mita 200 yanataka kilomita nyingi za kila siku. Mazoezi ya mita 50 yanataka vipande vifupi kwa kasi ya juu, chumba cha vyuma, na mapumziko ya kutosha. Vyote viwili vinatoka kwenye mwili mmoja, na mwili huo unavyozeeka unachelewa zaidi kupona.

Sjöström alianza kupunguza. Budapest 2017 hakushindana mita 200: alichukua mita 50 na 100 za mtindo huru na za kipepeo, akapata dhahabu tatu na fedha moja. Kufikia Fukuoka 2023 mbio zake binafsi zilibaki mbili tu, mita 50 huru na mita 50 kipepeo. Akashinda zote. Hapo ndipo akafikisha medali 21 binafsi za mashindano ya dunia, moja zaidi ya Michael Phelps. Na ndipo ile nusu shibiri ilipopatikana, wiki chache kabla hajatimiza miaka 30.

Kiwiko

Katikati ya safari hiyo kuna Februari 2021. Aliteleza kwenye barafu, akavunjika kiwiko, akafanyiwa upasuaji. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imebakiza miezi kama mitano na nusu.

Kwa mwogeleaji kiwiko si kiungo cha pembeni. Anapovuta maji hashiki kwa kiganja tu. Kiwiko kinabaki juu, na sehemu yote kuanzia hapo hadi vidoleni inasimama wima kama kasia moja. Kiwiko kisipokuwa imara, kasia linalegea.

Kwa wiki nyingi kazi kubwa ilikuwa kwenye miguu. Tokyo alitetea dhahabu ya mita 100 kipepeo akamaliza wa saba. Lakini kwenye mita 50 huru alipata fedha nyuma ya Emma McKeon wa Australia. Ninavyosoma mimi matokeo hayo, mita 100 zilidai maandalizi ambayo hakuyapata, wakati mita 50 zilimlipa kwa kile alichokuwa nacho tayari: mruko, miguu na kasi ya asili.

Paris

Basi tufike mwaka 2024. Mpango wake wa awali kwa Paris ulikuwa mita 50 tu. Mwishowe akashawishika kuingia na mita 100 huru, mbio ambazo rekodi yake ya dunia ya 51.71 ilikuwa imesimama tangu 2017 lakini hakuwahi kushinda dhahabu yake kubwa, si Olimpiki wala mashindano ya dunia ya bwawa la mita 50.

Alishinda kwa 52.16. Mmarekani Torri Huske alikuwa wa pili kwa 52.29. Piga hesabu: sekunde 0.13, kwa mwendo wa mita 1.9 kwa sekunde, ni kama sentimita 25. Shibiri moja na kidogo. Siku nne baadaye akashinda mita 50 kwa 23.71. Alikuwa kwenye Olimpiki yake ya tano, amebakiza siku chache kufika miaka 31.

Angalia kitu hapo: muda wake wa mita 100 Paris ulikuwa nyuma ya rekodi yake ya miaka saba kabla, na bado ulitosha. Wa mita 50 haukufika 23.61, na bado ulitosha. Kubaki karibu na kilele kwa miaka mingi ni kazi tofauti na kukifikia mara moja, na nadhani ndiyo ngumu zaidi.

Mwaka 2025 alipumzika akapata mtoto, akiwa amesema anataka kurudi kwa ajili ya Los Angeles 2028. Huko mita 50 kipepeo zitaogelewa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hizo ndizo mbio alizoshinda katika mashindano ya dunia mara sita mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2024, na ambazo mwaka 2014 aliziogelea kwa 24.43, akikata sekunde 0.64 kutoka rekodi ya Mswidi mwenzake Therese Alshammar ya 25.07.

Atakuwa na miaka 34. Wakati tunasubiri, chukua kikokotoo: sekunde 0.64 katika mbio hizo ni shibiri ngapi? Ukipata jibu, lipime sakafuni, usimame upande mmoja, na uone mshindani wako angekuwa wapi.