Moyo Uliodhoofika na Mapigo Yasiyokwenda Pamoja (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita ilieleza jinsi shinikizo la damu lisilotibiwa linavyounenepesha msuli wa moyo na hatimaye kuuchosha. Katika utafiti wa Abel Makubi na wenzake uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, asilimia 45 ya wagonjwa 427 waliokuwa na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa wamefikishwa katika hali hiyo na shinikizo hilo. Sehemu hii inahusu jambo linalowapata baadhi yao baadaye, yaani kuvurugika kwa wakati wa mapigo.

Umeme wa moyo huanzia katika nodi iliyo sehemu ya juu ya chumba cha juu cha upande wa kulia, husambaa katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kidogo katika nodi ya pili, ambayo Mjapani Sunao Tawara aliieleza mwaka 1906, kisha hushuka kwa kasi kupitia tawi la kulia na la kushoto hadi kwenye ventrikali, yaani vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Tawi la kushoto likiziba, umeme hulazimika kupenya msuli wenyewe, njia iliyo ya polepole, hivyo ukuta wa kati hujikaza mapema, na ukuta wa pembeni hujikaza wakati ule wa kwanza umekwisha kulegea. Ventrikali huwa kama mfuko unaominywa upande mmoja huku upande wa pili ukifura: sehemu ya damu huyumba humo humo ndani, na nyingine hurudi nyuma kupitia vali ya mitrali isiyofunga barabara. Mgonjwa huona pumzi zikikatika, miguu ikivimba, na usiku hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito.

Hitilafu ya umeme husomwa kwa kipimo cha ECG, na ile ya mwendo wa kuta huonekana kwa ECHO, kipimo cha mawimbi ya sauti. Kwa kuwa ECHO huuonyesha moyo wenyewe ukicheza, wengi walitarajia kwamba ndiyo ingewabainisha wagonjwa wa kutibiwa kwa betri ya moyo, kifaa kinachozifanya kuta zijikaze kwa pamoja. Haikuwa hivyo. Utafiti wa PROSPECT wa mwaka 2008 ulijaribu vigezo 12 vya ECHO, na hakuna hata kimoja kilichotosha kutegemewa. Na ule wa EchoCRT, uliohusisha wagonjwa 809 ambao kuta zao zilipishana ilhali umeme wao ulipita kwa muda wa kawaida, ulisimamishwa mwaka 2013, vifo vikiwa 45 kwa waliowashiwa kifaa hicho na 26 kwa ambao kifaa chao kilizimwa.

Kwa mkazi wa kata ya Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, matokeo hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu kipimo kinachoamua ndicho kilicho rahisi zaidi. Karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila kijiraba kimoja ni milisekunde 40. Mchoro wa ventrikali ukivuka vijiraba vitatu, umeme umechelewa. Ukikaribia vinne, yaani milisekunde 150, na umbo lake likiwa la kuziba kwa tawi la kushoto, mgonjwa anastahili rufaa, mathalani katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, endapo dawa alizotumia ipasavyo kwa miezi isiyopungua mitatu hazijamtosha.

Huko anaweza kuwekewa betri hiyo, yenye nyaya kwa kawaida tatu, mmoja ukipitishwa ndani ya mshipa wa vena hadi nje ya ukuta wa kushoto, ili ventrikali zote mbili zisukume kwa pamoja. Katika utafiti wa CARE-HF wa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 813, tiba hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 36, ingawa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu haoni nafuu ya maana.

Ajabu ni kwamba betri ya kawaida, inayomwokoa mtu ambaye mapigo yake yamepungua mno, huweza yenyewe kuleta hitilafu hii ya kuta kutojikaza pamoja, kwa kuwa waya wake huchochea ventrikali ya kulia kwanza. Ndiyo maana mbinu iliyoelezwa mwaka 2017 na Huang Weijian wa China, ya kuuchomeka waya ndani ya ukuta wa kati mpaka ulifikie tawi la kushoto lenyewe, inafaa kufuatiliwa kwa karibu Afrika Mashariki: huweza kufanyika kwa betri ya kawaida, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ile ya nyaya tatu.