Gurudumu la Mbele Likiinuka: Yanayosababisha na Jinsi ya Kujikinga

Wakazi wa maeneo ya milima katika Kaunti ya Taita Taveta wanaijua hali hii. Bodaboda imesimama chini ya mlima, abiria ameketi, gunia limefungwa kwenye keria. Mhudumu anatia gia ya kwanza, anaachilia klachi, na gurudumu la mbele linaondoka ardhini. Mara nyingi hushuka tena, watu wakacheka na safari ikaendelea. Siku lisiposhuka, abiria ndiye anayetangulia kuanguka, tena huanguka chali.

Gurudumu la mbele linapotajwa kuinuka, wengi hufikiria vijana wanaojionyesha barabarani, mchezo ambao wenyewe huuita kupiga wili. Hata hivyo, gurudumu huinuka pia kwa mhudumu makini ambaye hakukusudia lolote. Chanzo cha yote mawili ni kimoja, na kukielewa kunaweza kuokoa maisha ya mhudumu, ya abiria na ya mtu anayejitembelea kando ya barabara.

KWA NINI GURUDUMU HUINUKA

Injini ya pikipiki huzungusha gurudumu la nyuma peke yake. Gurudumu hilo husukuma pikipiki mbele kutoka chini kabisa, pale tairi inapogusa ardhi. Uzito wa pikipiki, mhudumu, abiria na mzigo uko juu zaidi. Kwa hiyo chini panapoenda mbele kwa ghafla, juu hubaki nyuma, na pikipiki yote hutaka kuzunguka kuelekea nyuma. Abiria aliyesimama ndani ya matatu huhisi jambo hilo hilo gari linapoondoka kwa kishindo: miguu huenda na gari, kichwa hubaki.

Kinachozuia pikipiki isipinduke ni uzito ulio mbele ya gurudumu la nyuma, ambao huyakandamiza magurudumu yote mawili ardhini. Mambo mawili huamua kama uzito huo utatosha. La kwanza ni umbali wa kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ungeweza kusawazishwa, kutoka gurudumu la nyuma. Kadiri kitovu kinavyosogea nyuma, ndivyo gurudumu la mbele linavyokuwa jepesi. La pili ni urefu wa kitovu hicho kutoka ardhini. Kadiri kinavyopanda juu, ndivyo inavyokuwa rahisi kupinduka.

MZIGO NA MLIMA

Hesabu ndogo ya mfano inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mhudumu akiwa peke yake kwenye pikipiki ya kawaida ya bodaboda, kitovu cha uzito kinaweza kuwa sentimita 60 mbele ya gurudumu la nyuma na sentimita 70 kutoka ardhini. Ukigawanya 60 kwa 70 unapata kama asilimia 86. Maana yake ni kwamba nguvu ya kusukuma mbele lazima ikaribie asilimia 86 ya uzito wote ndipo gurudumu la mbele liinuke. Kwa injini ndogo, hicho ni kiwango kikubwa.

Akipanda abiria mmoja na gunia likafungwa nyuma yake, kitovu kinaweza kurudi hadi sentimita 40 na kupanda hadi sentimita 80. Sasa kiwango ni asilimia 50. Wakipanda abiria wawili pamoja na gunia, umbali unaweza kubaki sentimita 30 na urefu ukafika sentimita 85. Kiwango kimeshuka hadi asilimia 35. Pikipiki ni ile ile na mhudumu ni yule yule, lakini kinga iliyokuwepo imepungua kwa zaidi ya nusu.

Mlima nao huchukua sehemu yake. Barabara inayopanda mita moja kwa kila mita tano hudai nguvu inayokaribia asilimia 20 ya uzito, ili tu pikipiki isirudi nyuma. Kwa pikipiki yenye abiria wawili na gunia, kati ya ile asilimia 35 imebaki 15 pekee ya kuongeza mwendo. Klachi ikiachiliwa kwa pupa, kiasi hicho hupitwa mara moja.

Ndiyo maana barabara kama ile ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi, pamoja na njia za changarawe zinazoelekea mashambani, zinahitaji uangalifu kuliko barabara tambarare za Voi au Taveta. Mizigo ya mboga na ndizi ni riziki ya familia nyingi, na haiwezi kuachwa. Inachohitaji ni kupangwa vizuri. Mzigo ulio nyuma ya gurudumu la nyuma huinua mbele kama mtoto mzito anavyomwinua mwepesi kwenye pembea ya ubao. Keria iliyorefushwa na fundi ili ibebe magunia mawili huongeza hatari hata kama uzito wa mzigo haukubadilika.

MAKOSA YA MKONO NA YA MASHINE

Mara nyingi gurudumu huinuka bila kukusudiwa wakati wa kuondoka. Mhudumu hupandisha resi hadi injini inalia, kisha anaachilia klachi ghafla. Nguvu yote iliyojikusanya katika injini inayozunguka kwa kasi huingia kwenye gurudumu la nyuma kwa mpigo mmoja.

Linalofuata ndilo huwaponza wengi. Mbele kunapoinuka, mwili wa mhudumu hutupwa nyuma. Mikono yake imeshika usukani, hivyo mkono wa kulia huvutwa na kuzungusha resi zaidi. Injini huongeza nguvu, mbele huinuka zaidi, naye huvutwa zaidi. Anayeshuhudia kwa mbali anaweza kudhani ni ujuba, kumbe ni mtu aliyeshikwa na hofu na mkono haumtii.

Tuta la barabarani linaweza kuleta hali hiyo hiyo. Anayeongeza resi wakati gurudumu la mbele linapanda tuta hulisaidia kuruka. Inafaa kupunguza mwendo kabla ya tuta, na kuongeza resi baada ya magurudumu yote mawili kulipita.

Mashine nayo huchangia. Waya wa resi uliokwama haurudi mkono unapolegezwa. Klachi iliyorekebishwa vibaya au kuchakaa hushika kwa ghafla badala ya kushika taratibu. Wapo pia wanaobadilisha meno ya cheni, wakafunga gia ndogo zaidi mbele au kubwa zaidi nyuma, ili pikipiki ivute vizuri mlimani. Mabadiliko hayo huongeza nguvu ya kusukuma katika kila gia, na aliyezoea pikipiki yake ya zamani hushangaa mbele kunapoinuka.

Pikipiki za umeme zinahitaji mazoea yake. Hazina klachi, na mota ya umeme inaweza kutoa msukumo mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Anayehamia kwenye pikipiki ya umeme ajizoeze kwanza mahali tambarare, bila abiria wala mzigo.

LIKISHAINUKA

Gurudumu la mbele ndilo linaloelekeza pikipiki, na ndilo lenye sehemu kubwa ya uwezo wa kusimamisha. Likiwa hewani, usukani haupindishi chochote na breki ya mbele haisaidii. Mhudumu amebakiwa na mambo manne ya kufanya:

1. Apunguze resi mara moja, kwa mkono uliotulia.
2. Akanyage breki ya nyuma kiasi. Breki hiyo ndiyo inayoshusha mbele.
3. Kama resi imekwama au mkono haurudi, avute klachi ili kukata nguvu ya injini.
4. Aweke usukani sawasawa na asiguse breki ya mbele hadi gurudumu litue. Gurudumu likitua likiwa limepinda au limefungwa na breki, pikipiki huanguka upande.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuokoa. Wakati wa kuondoka mlimani, mhudumu ainamishe kifua mbele na kuachilia klachi polepole. Kiwiko cha mkono wa kulia kikae kimekunjwa kidogo, ili mwili ukirudi nyuma usivute resi. Kama mlima ni mkali na mzigo ni mzito, ni afadhali abiria ashuke na kutembea hatua chache hadi pikipiki iondoke. Hakuna aibu katika hilo.

WANAOPIGA WILI MAKUSUDI

Katika misafara ya harusi, mikutano ya siasa na hata mazishi ya wenzao, baadhi ya vijana huinua gurudumu la mbele ili kushangiliwa. Anayefanya hivyo hutafuta pale pikipiki inaposimama kwa mizani juu ya gurudumu moja, na mguu wake hukaa kwenye breki ya nyuma muda wote. Akipita mizani hiyo kwa nchi chache na mguu ukachelewa, pikipiki humpindukia. Pikipiki yenyewe huendelea mbele bila mwenyewe, ikiwaelekea waliojipanga kando ya barabara kutazama.

Video za wataalamu huwadanganya vijana. Wengi wao huchezea katika viwanja vilivyofungwa, wakivaa mavazi ya kinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Baadhi ya pikipiki kubwa za bei ghali zina vifaa vya kielektroniki vinavyohisi mbele kunapoinuka na kupunguza nguvu ya injini vyenyewe. Pikipiki za steji hazina vifaa hivyo.

Mchezo huu hugharimu mfukoni pia. Kila gurudumu linapotua kwa kishindo, springi za mbele, beringi za usukani na rimu hupigwa. Cheni huvutwa kwa nguvu na kuchakaa mapema. Pikipiki ikikaa wima kwa muda, oili ya injini hukimbilia nyuma na pampu inaweza kukosa oili ya kutosha, hali inayoweza kuharibu injini. Kwa kijana anayelipa mkopo wa pikipiki kila siku, hasara hiyo hula riziki ya nyumbani.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha chombo bila kujali au kwa njia inayohatarisha umma. Anayepiga wili katikati ya watu anajiweka ndani ya kosa hilo. Akisababisha kifo, sheria inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 10. Sheria hiyo pia inataka mhudumu na abiria wavae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu kwa wakati mmoja. Hesabu iliyotolewa hapo juu inaonyesha sababu mojawapo ya kikomo hicho: abiria wa pili huketi karibu kabisa na gurudumu la nyuma au nyuma yake.

Bima ya watu wengine, ambayo ni ya lazima, hulenga fidia kwa wanaodhuriwa na chombo. Haimlipii mhudumu matibabu yake mwenyewe wala haimtengenezei pikipiki.

WAJIBU WA ABIRIA NA WA STEJI

Abiria ana sauti. Anaweza kukataa kupanda akiwa wa tatu, kudai helmeti, na kushuka mhudumu anapoanza mchezo. Wakati wa kuondoka mlimani, asogee karibu na mhudumu na kushika vizuri. Asiegemee nyuma kwenye mzigo. Abiria anayeanguka chali hutanguliza kisogo, na hapo ndipo helmeti iliyofungwa mkanda inapofanya kazi yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 kwa waendeshaji wanaopata ajali.

Viongozi wa steji wana nafasi ya kukagua mambo machache kila asubuhi: resi inarudi yenyewe mkono unapolegezwa, klachi inashika taratibu, breki ya nyuma inafanya kazi, tairi ya mbele haijaisha, na keria haikurefushwa. Mhudumu mpya afundishwe kuondoka mlimani kabla ya kukabidhiwa abiria.

AJALI IKITOKEA

Majeruhi aliyeanguka chali anaweza kuwa ameumia shingo au uti wa mgongo, hata kama anazungumza. Asiinuliwe kwa haraka, asikalishwe, na asibebwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Helmeti isivuliwe isipokuwa hapumui vizuri. Kichwa kishikiliwe kisitikisike, na damu inayotoka kwenye mikono au miguu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi.

Piga simu 999 au 112 kwa dharura, au 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Majeruhi afikishwe katika hospitali iliyo karibu: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, au hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta. Aliyegonga kichwa afike hospitalini hata akijiona mzima, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole. Maumivu makali ya kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa baada ya ajali ni dalili za kurudishwa hospitalini bila kusubiri kupambazuke.