Kujisalimisha kwenye blackjack: ni woga au ni hesabu?

Hebu jiweke kwenye meza ya kasino. Umeweka dau la dola 100. Karata zako zinajumlisha 16, za mgawaji inaonekana moja tu: 10. Ukiongeza karata ukavuka 21, umeliwa. Ukitulia, huenda akakupita. Baadhi ya kasino hukupa njia ya tatu: mgawaji akishahakikisha hana 21, unaweza kujisalimisha. Raundi inaishia hapo, unarudishiwa dola 50.

Je, huo ni woga? Tupige hesabu. Tuache sare pembeni. Ukishinda mara 1 kati ya 4, unapata 100 mara moja na kupoteza 100 mara tatu. Hasara ni 200 kwa raundi nne, yaani 50 kila raundi. Basi mpaka ni robo: nafasi ya kushinda ikishuka chini yake, jisalimishe, ikizidi, cheza.

Kwa 16 dhidi ya 10, hata ukicheza vizuri utapoteza wastani wa dola 54 hivi. Kujisalimisha kunakuokolea 4. (Ila 16 ikiwa ni 8 mbili, zitenganishe.) Kosa linakuja mtu akiwa na 12 dhidi ya 10 naye akakimbia. Angecheza, wastani wa hasara ungekuwa dola 38 tu. Hofu imemla 12!

Lakini usijidanganye: hata ukijisalimisha kwa akili, kwa kawaida kasino bado iko mbele yako. Umepunguza hasara tu, hujaigeuza faida.