Ligi ikifika ukingoni: unausomaje msimamo, na kwa nini moto mkali upo chini?



Kila Ligi Kuu ikibakiza mechi nne tano hivi, ubishi mtaani unakuwa mmoja tu: nani bingwa, Yanga au Simba? Stendi wanabishana, Majengo wanabishana, kibanda umiza ndo usiseme. Ubishi mtamu huo, hatuukatai. Ila ukiangalia juu peke yake unakosa nusu ya sinema. Na sisi watu wa Moshi tuna sababu ya kuangalia chini, maana huko ndiko tulikopotezea. Msimu wa 2022/23 Polisi Tanzania, timu iliyokuwa na makazi yake hapa na kucheza Ushirika, ilishuka daraja pamoja na Ruvu Shooting. Ilikuwa imepanda mwaka 2019, ikakaa misimu minne, basi. Msimu uliofuata aliyetaka kuwaona Simba na Yanga kwenye mechi ya ligi ikabidi apande basi, au alipe kiingilio kwenye kibanda.

Sasa leo tuelezane taratibu jinsi mbio za mwisho wa msimu zinavyokwenda. Hesabu zake siyo ngumu hata kidogo.

MSIMAMO MMOJA, MBIO NNE

Ligi Kuu Bara imekuwa na timu 16 tangu msimu wa 2021/22. Kila timu inacheza mechi 30, nyumbani na ugenini. Ukiuona msimamo gazetini unadhani timu zote zinagombea kitu kimoja. Hapana. Ndani yake kuna mistari, na kila mstari una mbio zake.

Wa kwanza ni ubingwa, huo kila mtu anaujua. Wa pili ni tiketi za Afrika. Kwa michuano ya CAF ya 2024/25 Tanzania Bara ilipeleka timu nne: Yanga na Azam Ligi ya Mabingwa, Simba na Coastal Union Kombe la Shirikisho. Coastal ya Tanga, majirani zetu hawa, walimaliza nafasi ya nne tu na wakapanda ndege.

Mstari wa tatu ni nafasi ya 13 na ya 14, yaani mtoano. Wa nne ni nafasi ya 15 na ya 16: hao hawaulizwi kitu, wanashuka moja kwa moja.

Kwa hiyo timu ya nafasi ya 12 na ya 13 zinaweza kutofautiana pointi moja, lakini moja inakwenda likizo na nyingine inarudi kambini kucheza roho mkononi. Ndo maana mwezi wa tano unaweza kukuta mechi ya timu mbili za chini ina vurugu kuliko ya wanaogombea ubingwa.

MTOANO UNAVYOKWENDA

Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo twende polepole. Misimu ya 2022/23, 2023/24 na 2024/25 utaratibu ulikuwa hivi: timu ya 13 na ya 14 zinakutana zenyewe kwa zenyewe, nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki Ligi Kuu. Aliyefungwa hajashuka bado, ana nafasi ya mwisho. Anamsubiri mtu kutoka Ligi ya Championship.

Huko Championship, wawili wa juu wanapanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanacheza mtoano wao, na mshindi ndiye anayekuja kupambana na yule aliyeshindwa wa Ligi Kuu. Mechi mbili tena. Akishinda wa chini anapanda, akishinda wa juu anabaki.

Angalia matokeo yake. Mwaka 2023 KMC iliitoa Mbeya City, Mbeya City ikakutana na Mashujaa ya Kigoma, na Mashujaa wakapanda. Mwaka 2024 JKT Tanzania iliitoa Tabora United, Tabora wakakutana na Biashara United ya Mara, wakaponea chupuchupu wakabaki. Mwaka 2025 Tanzania Prisons iliitoa Fountain Gate, nayo Fountain Gate ikakutana na Stand United ya Shinyanga, ikabaki.

Umeona hapo? Kwa misimu mitatu ni Mashujaa peke yao waliopanda kwa mlango huo. Ukiwa Championship, kumaliza wa tatu ni bahati nasibu tu. Safari ya kweli ya kurudi Ligi Kuu ni nafasi mbili za juu. Hili walikumbuke wote wanaoota mechi ya Ligi Kuu Ushirika.

HESABU YA KUJUA NANI AMEPONA

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na ligi yao kubwa ina timu 30, kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu! Mechi zikiwa nyingi hivyo lazima uwe na njia ya mkato ya kujua nani amefika. Wao wana kitu wanachokiita namba ya maajabu: ni jumla ya ushindi wako unaouhitaji na vipigo vya mpinzani wako, mpaka asiweze kukufikia tena. Kila ukishinda inapungua moja, kila akifungwa yeye inapungua moja. Ikifika sifuri, fungua soda.

Kwenye mpira wetu kuna sare, kwa hiyo tunatumia pointi. Chukua pointi za anayekufukuza, jumlisha mechi alizobakiza mara tatu. Hicho ndicho kiwango cha juu anachoweza kufika. Toa pointi zako, ongeza moja. Jibu ndiyo namba yako.

Mfano wa kubuni: umebakiza mechi nne, una pointi 30. Timu inayokufukuza ina 21, nayo imebakiza nne. Kiwango chake cha juu ni 21 na 12, jumla 33. Toa 30, ongeza 1, unapata 4. Unahitaji pointi nne. Lakini siyo lazima uzitafute zote wewe. Yule akifungwa mechi moja, kiwango chake kinashuka mpaka 30, na namba yako inabaki 1. Akitoa sare, inabaki 2. Ndo maana utaona mashabiki wa timu moja wanashangilia bao lililofungwa Bukoba wakati wao wako Dodoma. Wanajua hesabu.

Tuijaribu kwenye kitu kilichotokea. Dabi ya Kariakoo iliyopangwa 8 Machi 2025 iliahirishwa, ikaja kuchezwa 25 Juni 2025 ikiwa ndiyo mechi ya kufungia msimu. Kabla ya mechi Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78. Kiwango cha juu cha Simba kilikuwa 81. Toa 79, ongeza 1: namba ya Yanga ni 3. Lakini kwa kuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe, sare ingewapa Yanga pointi moja na kuwanyima Simba mbili, jumla tatu. Yaani sare ilikuwa inawatosha. Hawakuihitaji, walishinda 2-0 wakafunga na pointi 82.

JIHADHARI NA VIPORO

Hapo juu umeona dabi ya mwezi wa tatu inaliwa mwezi wa sita. Hicho ni kiporo, na viporo ndivyo vinavyodanganya watu wengi. Unaangalia msimamo, unaona timu yako iko nafasi ya 11, unatamba. Kumbe wewe umecheza 28 na aliye chini yako amecheza 26. Kabla ya kusoma safu ya pointi, soma kwanza safu ya mechi zilizochezwa. Zikitofautiana, msimamo huo ni nusu habari.

Kiporo kina hatari mbili lakini. Mwenye nacho anaweza kukishinda akakupita, au anaweza kukifungwa. Pointi zilizoko mfukoni ni zako. Za kiporo bado ni ahadi.

MABAO YA NOVEMBA HUDAIWA MEI

Pointi zikilingana je? Kumbukeni msimu wa 2023/24. Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69, nyuma ya Yanga. Azam wakachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Na cha ajabu, kwenye ligi hiyo hiyo Simba walitoka sare ya 1-1 na Azam mwezi Februari, halafu wakawafunga 3-0 mwezi Mei. Hispania wao huanza kwa kuangalia nani alimfunga nani. Kwa kanuni ya namna hiyo, Simba ingekuwa ya pili.

Kwa hiyo timu inayofungwa tatu halafu ikaacha mechi iende zake, "si tumeshafungwa", inajidanganya. Simba walipigwa 5-1 na Yanga tarehe 5 Novemba 2023. Pointi zilizopotea ni tatu zile zile kama vile wangefungwa 2-1, lakini mabao manne ya hasara yaliandikwa na hayakufutika mpaka mwisho wa msimu.

Mpira nao una vituko vyake. Azam waliokwenda Ligi ya Mabingwa walitolewa mapema na APR ya Rwanda Agosti 2024. Simba waliosukumwa Kombe la Shirikisho wakafika fainali, wakafungwa na RS Berkane ya Morocco Mei 2025.

KWA NINI SIKU YA MWISHO WANAANZA PAMOJA

Siku ya kufunga ligi mechi zenye uamuzi huanza saa moja. Kisa chake ni cha zamani. Kombe la Dunia 1982 kule Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza wakijua matokeo ya Algeria ya jana yake. Wajerumani wakifunga bao moja, wote wawili wanapita. Bao likaingia dakika za mwanzo, kisha wakapigiana pasi mpaka mwisho. Algeria nje. Tangu hapo ikawa desturi duniani, mechi za mwisho zipigwe kwa pamoja ili pasiwe na anayecheza huku ameshajua jibu la mtihani.

HAKUNA ALIYEPONA MPAKA HESABU ISEME

Turudi kidogo kwenye besiboli. Mwaka 2011 Boston Red Sox mwanzoni mwa Septemba walikuwa mbele kwa mechi 9 kwenye mbio za tiketi ya mwisho ya kuingia mtoano. Kila mtu akawahesabu wamo. Mwezi huo wakashinda mechi 7 na kufungwa 20. Usiku wa 28 Septemba walifungwa na Baltimore, na dakika chache baadaye Tampa Bay, waliokuwa nyuma 7-0 dhidi ya Yankees, wakamaliza kwa ushindi. Boston wakabaki nje. Hesabu ilikuwa haijafika sifuri, wao ndo walishafika kichwani.

Ila kuna tofauti kubwa kati yao na sisi. Kwenye besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja. Timu ya mwisho kabisa mwakani inaanza upya na wenzake wale wale. Kwetu ukishuka umeshuka. Azam Media ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 225. Ukiwa nje ya Ligi Kuu, fungu lile linawahusu wengine. Wachezaji wazuri wanaondoka. Na mji nao unaumia: bodaboda, mama ntilie, muuza karanga na maji, wenye gesti, wote siku ya Simba au Yanga ilikuwa sikukuu yao.

Na jina halikulindi. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 pamoja na Geita Gold. Kagera Sugar walishuka 2025 pamoja na KenGold. Lakini kurudi kupo. Mtibwa walikaa chini msimu mmoja tu, wakapanda 2025 pamoja na Mbeya City, wale wale waliotolewa na Mashujaa miaka miwili nyuma. Wote wawili walirudi kwa mlango wa mbele, siyo kwa mtoano.

Sasa mdau, msimu ukifika ukingoni chukua karatasi na kalamu. Tazama mechi zilizobaki, tafuta kiwango cha juu cha anayekufukuza, angalia tofauti ya mabao. Halafu kumbuka kwamba sare ya kizembe ya mwezi wa tisa, ile ambayo hakuna aliyeililia, ina uzito ule ule wa sare ya siku ya mwisho. Timu nyingi zinazoshuka Mei zilianza kushuka huko, wakati uwanja hauna watu na hakuna anayeangalia msimamo.

Wewe unaonaje, mtoano huu ni wa haki au timu nne za chini zishuke tu moja kwa moja? Na Moshi tunakosa nini hasa mpaka turudi? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.