TATU KWA TANO: HESABU NA RANGI

Ndugu mfanyakazi, wako wenzetu wanaosema hesabu ni kazi ya karani, si ya mtu wa nyundo na jembe. Tuangalie mawazo hayo yametoka wapi.

Wakati wa ukoloni, shule za Uganda ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Makerere ilipofunguliwa hapa Kampala mwaka 1922, vijana 14 wa kwanza walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ufundi ni kazi ya heshima, na hakuna fundi akataye ubao bila kupima. Ubaya ni kwamba rangi ya mtoto iliamua shule yake, na shule ikaamua kazi yake.

Mshahara nao ulipimwa kwa rangi. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano (3/5) ya mshahara wa Mzungu. Maana yake nini? Mzungu akilipwa shilingi 500, mwenzake wa kazi ile ile alipwe 300. Hizo 200 ni bei ya ngozi. Tume ya Lidbury ya mwaka 1953-54 ndiyo iliyoshauri mizani hiyo ya rangi iondolewe.

Mizani ya rangi imekwisha, lakini kutojua hesabu bado kunatuumiza. Sheria ya NSSF inasema mfanyakazi akatwe asilimia 5, yaani shilingi 5 katika kila 100, na mwajiri atoe 10 kutoka mfukoni mwake. Mwenye mshahara wa 400,000 hukatwa 20,000. Mwajiri huongeza 40,000. Katika kiwanda kimoja niliwakuta wenzetu wakikatwa 60,000 zote. Karatasi iliandikwa 15% tu, na hakuna aliyeuliza.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Tulikaa chini, tukagawa pamoja kwa kalamu moja. Kesho yake wao wenyewe ndio walioingia ofisini kuuliza.

Leo mtoto hazuiwi kwa rangi, anazuiwa kwa ada na kwa darasa lililojaa. Tudai walimu wa hesabu kama tunavyodai mshahara, kwa wasichana na wavulana sawasawa.

Mkutano wa tawi ujao, kila mmoja aje na karatasi yake ya mshahara. Tutahesabu pamoja.