Makabati ya Jikoni: Pa Kutia Fedha Kabla Hujavunja

Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa awamu na hukarabatiwa kwa awamu. Mwaka huu paa, mwakani choo, jiko litafuata mambo yakikaa sawa. Katikati ya ahadi hizo kuna makabati ya miaka ya 1990 ambayo familia inaamka nayo kila siku: milango imening'inia upande, vanishi imegeuka nyeusi pale mikono inaposhika, droo moja haifungiki. Swali ninaloletewa mara nyingi ni namna ya kuyafanya yavumilike kwa mwaka mmoja au miwili bila kula fedha ya ukarabati wenyewe.

Mimi hutenga matumizi hayo mafungu mawili kabla ya kugusa kitu. Kuna vitu vitakavyohamia jiko jipya, na kuna vitakavyoishia kwenye kifusi. Vishikio, bawaba nzuri, taa na bomba la sinki hufunguliwa kwa bisibisi na spana vikaenda na mwenyewe. Hapo nunua kitu cha maana. Rangi haihami, lakini gharama yake ni ndogo. Graniti mpya juu ya makabati ya zamani ndiyo hasara ninayoiona mara nyingi kuliko zote: imekatwa kwa kipimo cha makabati ya leo, imetobolewa kwa sinki la leo, na jiko jipya likichorwa kwa mpango mwingine ubao ule hauna pa kukaa. Vigae vya ukutani navyo vivyo hivyo. Subiri.

Kisha kagua. Toa vyombo vyote, piga magoti, ingiza kichwa chini ya sinki. Chomeka ncha ya bisibisi kwenye pembe za fremu. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, mchwa au bungua wamekwisha kula humo na rangi itakuwa sanda tu. Ukikuta maji yanadondoka, fundi bomba anatangulia fundi rangi. Sakafu ya kabati la sinki iliyotengenezwa kwa chipubodi ikishavimba hairudi hali yake, hata ikauke miezi mitatu. Ikate, weka kipande cha plaiwudi, na kingo zake zipake rangi pande zote kabla ya kukifunga.

Ukaguzi huo pia ndio utakaokuambia milango yako ni ya kitu gani, na hilo huamua kazi yote inayofuata. Fungua bawaba moja utazame ndani ya tundu. Chembechembe kubwa zilizogandamana ni chipubodi. Vumbi laini la rangi moja, kama unga wa dona, ni MDF. Nyuzi za mti zinazokwenda mpaka ukingoni ni mbao halisi. Katika nyumba za zamani za Dar es Salaam utakuta sana meza ya zege iliyomwagwa papo hapo, chini yake fremu na milango ya mbao, na mara nyingi mbao hizo ni mninga au mkongo.

Hapa nina msimamo, na wateja wengine hawaupendi: mninga haupakwi rangi nyeupe. Kwanza ni mbao ambayo leo ukiitafuta kwa ubora ule utatoa jasho. Pili, mbao nyekundu kama hizo huvujisha rangi yake ya asili kupitia rangi ya maji, na baada ya wiki chache mlango mweupe huwa na madoa ya chai. Mkongo nao una rangi ya manjano ndani yake. Kinachozeeka hapo ni vanishi, mti wenyewe mzima. Kwangua vanishi ya zamani, piga msasa kufuata nyuzi, kisha paka tabaka mbili au tatu nyembamba za vanishi isiyong'aa sana. Jiko litaonekana la mtu mwenye pesa, na hukununua hata kopo moja la rangi. Msonobari ni habari nyingine. Huo paka, ila funika macho yake kwanza kwa shelaki, la sivyo utomvu utatokeza.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko uchaguzi wa rangi: mafuta ya kupikia. Jiko ambalo samaki wamekaangwa kwa miaka 20 lina ngozi nyembamba ya mafuta kila mahali, hata juu ya milango isiyoguswa, na rangi inayopakwa juu ya ngozi hiyo haishiki mbao, inashika mafuta. Baada ya miezi miwili hubanduka kwa ukucha. Ukianza na msasa kabla ya kuosha umeharibu zaidi, kwa sababu msasa unayasukuma mafuta ndani ya vinyweleo vya mbao. Osha kwanza.

Kwa kuosha huna haja ya dawa ya bei kubwa. Magadi ya sokoni, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, yakiyeyushwa katika maji ya moto pamoja na sabuni kidogo ya vyombo, yanafanya kazi vizuri. Ni alkali, na alkali ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni, ambayo maji yanaweza kuiondoa. Vaa glavu. Vishikio vya alumini vitoe kabla, kwa sababu magadi huvila na kuvitia weusi. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, usimwage maji juu ya MDF, kisha futa mara mbili kwa maji safi, mara ya mwisho ukitia siki kidogo kuua makali ya magadi yaliyobaki. Wako mafundi wanaofuta kwa mafuta ya taa. Uchafu unatoka, kweli, lakini mafuta ya taa yenyewe huacha utando wake, na umerudi ulipoanza.

Milango ikikauka, msasa namba 180 unatosha. Lengo ni kuua mng'ao ili rangi ipate pa kukamata. Hakuna haja ya kufika kwenye mbao. Kama juu kuna rangi ya mafuta ya zamani sana, hasa ya manjano, nyekundu au kijani iliyokoza, ichukulie kwamba huenda ina risasi ndani. Tumia msasa wa maji, ulowanishe ili vumbi lisipae, na watoto na wajawazito wakae mbali hadi tope lile lifutwe na kutupwa.

Milango yenye uso wa plastiki laini, yaani melamini au fomaika, inahitaji praima ya kushikia nyuso laini. Andakoti ya kawaida haitakaa. Kabla ya kupaka jiko zima jaribu mlango mmoja wa uvunguni: upake, usubiri siku mbili tatu, chora vimiraba kwa wembe, bandika selotepu, vuta kwa ghafla. Vimiraba vikija na selotepu, acha. Kosa liko kwenye kuosha au kwenye praima.

Kuhusu rangi yenyewe nitasema machache. Rangi ya ukutani isitumike kwenye makabati hata kama imebaki ndoo nzima. Inanyonya mafuta, na mlango ukifungwa hunatana na fremu. Rangi ya mafuta ni ngumu na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ila nyeupe yake huwa ya manjano sehemu zisizopata mwanga, kwa mfano ndani ya milango. Kama utaipata ile ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma, chukua hiyo. Na usinunue kopo la lita 4 kwa mazoea. Milango 14 ya sentimita 40 kwa 70, ikipakwa pande zote mbili, ni kama mita za mraba 8. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa tabaka moja, hivyo lita 2 za rangi na lita 1 ya praima zinamaliza kazi, na fremu zinapata chao humo humo.

Milango ifunguliwe yote ilazwe mezani. Anayepaka ikiwa inaning'inia atavuna michirizi. Iandike namba, na mahali pazuri pa kuandika ni ndani ya lile tundu la duara la bawaba, lenye kipenyo cha milimita 35. Rangi haihitaji kuingia humo, na bawaba ikirudi itaificha namba. Rangi ikikauka mkononi bado haijakomaa. Ya mafuta huendelea kuwa ngumu kwa wiki kadhaa, na mwambaoni wakati wa masika huchelewa zaidi, ndiyo maana nashauri kazi hii ifanywe Juni hadi Septemba.

Wakati milango inakauka, shughulikia bawaba. Nimeona majiko yaliyoonekana yamechoka kabisa kumbe shida ilikuwa milango kupishana tu. Bawaba za kisasa za kujificha zina skrubu za kurekebisha: moja husogeza mlango kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, nyingine juu na chini. Geuza robo mzunguko, simama mbali, tazama, rudia. Tundu la skrubu likiwa limelegea, jaza vijiti vya kiberiti vilivyochovywa gundi ya mbao, acha vikauke, kata vilivyochomoza, funga upya. Ukiwa karibu na bahari nunua bawaba za chuma kisichoshika kutu. Za bei ya chini zitaanza kulia kabla ya mwaka.

Vishikio vinabadilisha sura ya jiko haraka kuliko kitu kingine chochote, na hapa ndipo watu hurudi Kariakoo mara ya pili kwa kusahau kupima. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Vingi vya sasa ni milimita 96, 128 au 160, vipimo vinavyogawanyika kwa 32. Vya zamani vya inchi 3 ni milimita 76, na hutavipatia mbadala kirahisi. Hapo utaziba matundu kwa puti kabla ya kupaka na kutoboa upya. Chagua kipimo ambacho utakitaka hata kwenye jiko jipya, ununue viwili zaidi vya akiba.

Stika za kubandika zinazouzwa kwa mita nazipendekeza kwa mpangaji, kwa sababu zikipashwa moto na mashine ya kukaushia nywele hubanduka na mwenye nyumba hana la kudai. Zikae mbali na jiko la gesi. Mvuke na joto huzikunja kingo. Ama mtindo wa kung'oa milango ili rafu zibaki wazi, unapendeza kwenye picha. Kwenye nyumba ya barabara ya vumbi utaosha sahani kabla ya kula na baada ya kula.

Siku ya kuvunja ikifika, fungua vishikio, bawaba na taa mwenyewe kabla fundi hajaingia na nyundo. Milango ya mninga ishushwe mizima; ina wanunuzi, na mafundi wa Keko wanajua cha kuifanyia. Maboksi yaliyobaki imara yanaweza kuhamia stoo, na rangi uliyoyapaka itakuwa ingali mpya.