Alipo trauti, hapo ndipo penye maji yetu

Mpenzi msikilizaji, kuna swali ambalo limenifikia mara kadhaa tangu nilipogusia katika kipindi hiki habari za uvuvi wa kujiburudisha. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeishi Nairobi, asiye na rafiki mwenye shamba kule mlimani, atapata wapi mto mzuri wa kuvua trauti kwa nzi bandia, atoke alfajiri na kurudi jioni? Wengi wanaouliza hutaka kutajiwa jina la mto tu. Nitayataja majina, lakini jina peke yake halitoshi. Mto uliosifiwa mwaka jana waweza kuwa tope tupu mwaka huu, na kijito kisichotajwa na mtu chaweza kuwa na samaki. Afadhali nieleze dalili za kufuata, kwa sababu azijuaye dalili hizo atajua pia jambo linalomhusu kila mkazi wa Nairobi, hata yule ambaye hajawahi kushika ndoana.

Kwanza tuuelewe uvuvi wenyewe. Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyofungiwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Hana uzito wa maana, kwa hivyo hawezi kurushwa kama chambo kilichofungiwa risasi. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na mzito kuliko mishipi ya kawaida. Mvuvi huupeleka nyuma kwa ufito wake, akaungoja unyooke, kisha akaurudisha mbele, nao ukamchukua yule nzi na kumtua majini taratibu kama mdudu aliyeanguka kutoka kwenye jani. Samaki anayedanganywa kwa njia hii ni yule anayewinda kwa macho katika maji maangavu. Katika maji ya tope nzi bandia hana kazi, kwa kuwa hata akipita mbele ya samaki hataonekana.

Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyekuwa amejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Yapata miaka mitano baadaye aliletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ingawa asili yake ni magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Wa kahawia humtambua kwa madoadoa meusi na mekundu. Yule mwingine ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Wote wawili ni samaki wa nchi za baridi, nao waliweza kuishi karibu na ikweta kwa sababu moja tu: milima yetu ni mirefu na maji yake ni ya baridi.

Basi dalili ya kwanza ni hiyo baridi. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi kumi hadi kumi na sita hivi za Selsiasi. Yakipita nyuzi ishirini huanza kutaabika, na yakikaribia ishirini na tano wengi hufa. Sababu yake ni hewa. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo. Nairobi iko kwenye urefu wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida joto hupungua takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu moja unazopanda. Kwa hiyo mtu wa Nairobi asipoteze siku yake akivua trauti katika mito inayopita mitaani. Apande milimani, mita elfu mbili na zaidi.

Dalili ya pili ni msitu. Urefu wa mlima peke yake hautoshi, kwa maana mto wa juu uliovuliwa miti ya kando yake hupigwa na jua mchana kutwa ukapata joto, na mvua ikinyesha hujaa udongo wa mashamba. Ukitoka Nairobi kuelekea Nyandarua utaona mpangilio ambao hauna haja ya ramani. Kwanza ni kahawa, kisha chai, na juu ya chai ni msitu. Mahali pengine chai ya mwisho, ile inayogusana na miti, ilipandwa kwa makusudi na shirika la Nyayo Tea Zones lililoundwa mwaka 1986, ili iwe mpaka wa kuzuia mashamba yasiendelee kupanda mlimani. Mvuvi na aanze kazi pale chai inapokoma. Majani yanayoliinamia bonde humpa samaki kivuli, mizizi huzuia kingo zisibomoke, na wadudu wanaodondoka kutoka matawini ni chakula chake.

Sasa majina niliyoahidi. Ulio karibu zaidi ni Gatamaiyu, katika msitu wa jina hilo huko Lari, upande wa kusini wa Nyandarua. Ni safari isiyofika kilomita 70 kutoka katikati ya jiji, kwa barabara ya Naivasha hadi Kimende, kisha kulia kuelekea msituni. Wa pili ni bonde la Kimakia, linalofikiwa kwa barabara ya kutoka Thika kupitia Gatura kwenda Njabini. Humo mna mto Kimakia wenyewe, na jirani zake ni Chania na Thika. Mwenye siku mbili aendelee hadi Mathioya upande wa Murang'a, au Gura upande wa Nyeri, au Ragati na Sagana inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Pale Kiganjo, kando ya Sagana, kuna kituo cha serikali cha kutotolea vifaranga vya trauti kilichoanza mwaka 1948. Ila uwe mwangalifu na jina la Chania, maana mito yenye jina hilo ni miwili: mmoja hupita Thika mjini na mwingine hupita Nyeri. Ukimwambia dereva "Chania" bila kueleza ni ipi, unaweza kujikuta ng'ambo nyingine ya mlima.

Ukishafika mtoni, usikimbilie kufungua ufito. Iname uokote jiwe lenye ukubwa wa ngumi kutoka mahali maji yanapokwenda kasi, uligeuze. Mimi hufanya hivyo kila mara, na sijaona kipimo rahisi kuliko hicho. Katika mto mzima utaona wadudu wachanga wembamba, wenye mikia miwili au mitatu, wakikimbilia upande wa kivuli. Utaona pia vibomba vidogo vya mchanga na vijiti vilivyogandamana na jiwe. Hivyo ni nyumba za wadudu wengine, na mwenyewe yumo ndani. Hicho ndicho chakula cha trauti, na ndicho wanachoiga wale wanaofunga nzi bandia. Jiwe likitoka na utelezi mzito wa kijani au limefunikwa matope laini, na hapana kitu kinachotembea, jua kwamba juu ya mto kuna kasoro. Pengine ni mbolea na samadi zinazoingia, pengine ni miti iliyokatwa, pengine ni barabara inayochimbwa.

Nasisitiza jiwe badala ya samaki kwa sababu samaki anaweza kupotosha. Anaweza kukosekana katika mto safi kwa kuwa wavuvi wa nyavu na sumu wamemmaliza. Anaweza pia kuonekana katika mto mgonjwa kwa kuwa vifaranga walimwagwa humo juzi. Wale wadudu hawamwagwi na mtu. Wakiwapo, wamekuja wenyewe na wamekaa kwa kuwa maji yanawafaa.

Mto ukifaulu mtihani wa jiwe, tafuta mahali samaki anapokaa. Trauti hukaa akiuelekeza uso wake mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Hapendi kupigana na maji ya kasi bure, kwa hivyo hujificha nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbika, au pale maporomoko madogo yanapomalizikia katika kidimbwi. Mvuvi basi hutembea kutoka chini kwenda juu, akija kwa nyuma ya samaki, tena kwa kuchutama, bila kupiga vishindo wala kuangusha kivuli chake majini. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika vijito vya Nyandarua, ambavyo vingine unaweza kuviruka, anayesimama wima huwaona samaki mara moja tu, wakitoroka.

Kuhusu wakati, epuka siku za mvua kubwa, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mito inapojaa. Hata katika kiangazi, mvua ikinyesha kileleni mto hufurika ghafla huku wewe chini unaota jua. Ukiona maji yameanza kubadilika rangi na kubeba majani, toka mtoni. Usiende peke yako. Nyati na ndovu wanaishi katika misitu hiyo. Chukua kibali cha uvuvi kwa maafisa wa samaki, pitia kituo cha misitu, na ukiwa ndani ya hifadhi ya taifa ulipe ada ya hifadhi. Uliza pia masharti ya mto unaoutaka, ukubwa wa samaki unaoruhusiwa kuchukua na idadi yake. Na umwajiri kijana wa pale akuongoze. Yeye anajua mengi ambayo ramani haina, na malipo yake humpa sababu ya kuulinda mto.

Sasa nije kwenye lile jambo nililosema linamhusu kila mkazi wa Nairobi. Yatazame tena yale majina. Mto Thika ndio unaojaza bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Bwawa la Sasumua, lililokamilika mwaka 1956, liko katika bonde la Chania ile ya Thika. Maji ya mabonde hayo husafishwa Ng'ethu na Sasumua, kisha hushushwa kwa mabomba hadi jijini, nayo ni sehemu kubwa ya maji yote ya mfereji tunayotumia. Mwanamke anayekinga ndoo Kayole na bwana anayeoga Lavington wanayategemea mabonde yale yale anakoishi trauti. Wala hili si sadfa. Samaki huyu anahitaji baridi, kivuli na kingo imara; mabwawa yetu yanahitaji msitu uleule unaovileta vitu hivyo, kwa sababu ndio unaonyonya mvua na kuiachilia polepole miezi ya kiangazi.

Udongo unaoziba mayai ya trauti katikati ya changarawe ndio huo huo unaotua chini ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji, na ndio unaoongeza gharama ya kusafisha. Hili limetambuliwa. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ili wanaotumia maji mjini wachangie juhudi za wakulima wa mlimani kuzuia mmomonyoko kwa matuta, majani na miti. Mabonde uliyolenga ni ya Thika na Chania, Maragua, na Sagana na Gura, karibu orodha ile ile ambayo mvuvi wa trauti angekuandikia. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1989 na 2009, ulijengwa ua wa umeme wa kilomita 400 hivi kuuzunguka msitu wa Nyandarua. Kazi hizo ni njema, lakini ua hauzuii udongo wa shamba lililo nje yake, na mfuko wa fedha hauwezi kuwa na macho kwenye kila kijito.

Mvuvi anayo macho hayo. Yeye huenda mahali ambapo mkubwa wa ofisi hafiki, huyashika maji kwa mkono wake, na akirudi mwaka wa pili huona kilichobadilika. Ombi langu kwa wote walioniuliza ni dogo. Kila uendako, geuza mawe matatu na uandike ulichokiona, tarehe na mahali. Ukikuta mabadiliko, waeleze kituo cha misitu na chama cha watumiaji maji wa mto huo, maana vyama hivyo vipo kisheria tangu sheria ya maji ya mwaka 2002. Na usimhamishe trauti kutoka mto mmoja hadi mwingine usio naye, hata kama unaona ni ukarimu. Yeye ni mla nyama, na vijito vingine vina viumbe wa asili ambao hawajazoea kumkimbia.

Ukirudi jioni bila samaki, lakini umeona mawe yenye uhai, siku yako haikupotea, kwa kuwa umehakikisha kwamba maji ya kesho jijini yangali na chimbuko. Ukikuta mawe makavu yenye matope, usinyamaze kwa kuwa tu wewe ulifuata starehe. Tuandikieni hapa kituoni mtueleze ni mto gani na ni sehemu gani, nasi tutauliza wanaohusika. Hadi wiki ijayo, kwaherini.